Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Methali hii tulifundishwa tangu shule ya msingi, nami niliijibu katika mitihani bila kuielewa. Maana yake niliipata nyumbani kwetu Sumbawanga, katika likizo ya Juni mwaka 2023.

Mjomba wangu alipata kuwa kibarua katika kambi ya Wachina wajenzi wa barabara. Huko alijifunza chakula chao kiitwacho huoguo, yaani chungu cha moto. Supu huwekwa katikati ya meza juu ya moto, nayo nyama iliyokatwa nyembamba, mboga na uyoga hupangwa mbichi pembeni. Kila mtu hutumbukiza kipande chake, hukingoja kiive, kisha hukila kingali moto. Watu wa Chongqing huitia supu hiyo pilipili nyingi mno. Wa Beijing hupenda nyama ya kondoo, na chungu chao cha kale ni cha shaba, chenye bomba katikati la kutilia makaa.

Niliposikia hayo niliona kwamba chakula hiki kinatufaa sana sisi wa Ufipa. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Juni hauna huruma. Basi nikawaalika wenzangu wanne: mmoja wa Laela, mmoja wa Mpui, mmoja wa Matai, na jirani yetu. Mama alikuwa amekwenda Kasanga kununua dagaa. Nilichemsha mifupa kwa tangawizi na vitunguu saumu, nikakata nyama, kabichi, na ile mboga ambayo sokoni huitwa chainizi. Tulicheka sana, tukasema leo imerudi kwao.

Jua lilipotua, yule wa Matai hakuwa amefika. Wenzangu walitaka tumngoje, lakini mimi mwenye nyumba nilikataa. "Akikuta sufuria tupu, shauri yake," nilisema. Nikaliingiza jiko la mkaa sebuleni, nikafunga madirisha yote, na uwazi wa chini ya mlango nikauziba kwa gunia.

Nyama ilikawia kuiva. Yule wa Laela, mpenzi wa fizikia, alitueleza kwamba mahali palipoinuka maji huchemka kabla ya kufika digrii 100; kwetu hapa ni kama 94 tu. Tulimsifu kwa elimu yake, tukaongeza mkaa.

Baada ya muda kichwa kilianza kuniuma. Tulisema ni pilipili. Jirani yetu aliegemea kiti akasinzia, nasi tukamcheka kwamba ameshiba mapema. Mara mlango ukabishwa. Nilipotaka kusimama, magoti yalikataa. Nilijikokota hadi mlangoni, nikaliondoa gunia, nikafungua.

Alikuwa yule wa Matai, na kuku mkononi. Gari lao lilikuwa limeharibika njiani. Alitutazama mara moja tu, akamwacha kuku, akapaza sauti: "Tokeni nje nyote!" Yeye ndiye aliyemburuta jirani yetu hadi uani, maana sisi hatukuwa na nguvu. Tulimpeleka hospitali kwa gari la mzee mmoja wa mtaani, akapewa oksijeni, na kesho yake akarudi kwao salama.

Daktari alitueleza kwamba mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kuliko oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu husinzia asijue kwamba anakufa. Enyi wenzangu, na ninyi wazazi wetu, najua baridi ya kwetu. Lakini nawasihi, jiko la mkaa lisilale ndani nanyi, hata likionekana limezimika.

Nilimwomba radhi yule wa Matai kwa neno nililolisema nyuma yake. Alicheka, akaniuliza kama kuku wake yu hai.

Juni ya mwaka 2024 tulipika tena huoguo, safari hii uani, tumejitanda mablanketi. Supu ilitokota muda mrefu, wala hakuna aliyegusa nyama mpaka yule wa Matai alipofika.