Nilivyopata Kazi ya Kushika Ufito wa Sauti



Ndugu wasomaji, nirudipo nyumbani Kigombe wazee huniuliza, "Kijana, kazi yako huko mjini ni nini hasa?" Nikiwajibu kwamba nashika ufito, hucheka sana. Basi leo napenda kueleza kazi hiyo ni kitu gani, jinsi nilivyoipata, na jinsi ilivyonitia jaribuni siku moja. Huenda habari hii ikamfaa mzazi mwenye kijana asiye na kazi.

Kigombe ni kijiji cha pwani katika wilaya ya Muheza, kwenye njia itokayo Tanga kwenda Pangani. Upande mmoja ni bahari, upande wa pili ni mkonge. Babu yangu alitoka Songea, akaja kama manamba kukata mkonge, wala hakurudi tena kwao. Ndiyo sababu sisi tu Wakristo wachache kati ya jirani Waislamu, na twaishi nao vema. Jirani mmoja, mzee mvuvi, alikuwa akinichukua katika ngalawa yake siku za likizo. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika upondo. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, usiyapige maji. Sukuma polepole, samaki wana masikio." Sikujua kwamba maneno hayo yatanipa chakula.

Nilipomaliza kidato cha nne sikupata nafasi ya kuendelea na masomo. Nikaenda Dar es Salaam kwa mjomba. Mwaka mzima nilizunguka na cheti changu mkononi. Kila mahali waliniambia, "Tutakuita." Hakuna aliyeniita. Mtu mmoja alinidai fedha ili anipatie kazi. Mjomba akanikataza nisitoe hata senti, nami namshukuru mpaka leo.

Siku moja wapiga sinema walikuja katika mtaa wetu, wakataka mtu wa kuwabebea masanduku. Nikabeba. Siku ya tatu mshika ufito wao akashikwa na homa. Fundi wa sauti akatazama huku na huku, akaniuliza, "Wewe, waweza kuinua fimbo hii juu ya kichwa chako dakika nne bila kutikisika?" Nikamjibu, "Bwana, mimi nimeshika upondo tangu utoto." Hakujua upondo ni nini, lakini alinipa ile fimbo.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba katika sinema sauti huingia yenyewe pamoja na picha. Sivyo. Kinasa sauti hufungwa kwenye ncha ya ufito mrefu mwepesi, wa mita tatu au zaidi. Mshikaji husimama nje ya picha, akakishusha juu ya kichwa cha msemaji karibu iwezekanavyo, lakini kisionekane, wala kivuli chake kisionekane. Wawili wakizungumza, yampasa auelekeze ufito kwa mmoja kabla hajafungua kinywa, kisha kwa mwenzake. Kwa hiyo hana budi kuyajua maneno yao kama waigizaji wenyewe. Asivae viatu vya kulia, wala bangili, wala nguo ya kuchakarisha. Kwetu pwani, kaskazi ikivuma au kusi, kinasa sauti huvishwa koti la manyoya ili upepo usingurume ndani yake.

Nimesoma pia asili ya kazi hii. Sinema zilipoanza kusema, waigizaji iliwabidi wasimame karibu na kinasa sauti kilichofichwa mahali pamoja, wasiweze kutembea. Mwaka 1929, huko Marekani, mama mmoja aitwaye Dorothy Arzner alikuwa akiongoza sinema iitwayo The Wild Party. Mwigizaji wake, Clara Bow, hakuweza kutulia mahali pamoja. Basi mama huyo akaagiza kinasa sauti kitundikwe kwenye ufito wa kuvulia samaki, kimfuate mwigizaji kila aendako. Hata leo Waingereza huuita ufito wetu kwa jina hilo la uvuvi. Niliposoma hayo nilimkumbuka yule mzee wangu wa ngalawa.

Jambo lingine ninalolipenda ni hili. Kila mahali tunapofanya kazi, kabla ya kuondoka, wote hunyamaza kwa muda wa nusu dakika au zaidi, nasi hunasa ukimya wa mahali hapo. Maana kila chumba kina ukimya wake, na kila ufuko una wake. Mkubwa na mdogo husimama kimya, kama watu waliotoka kukomunika.

Sasa habari ya jaribu. Wasomaji wengi wamesikia habari za samaki aitwaye silikanti. Wataalamu walidhani ametoweka tangu miaka milioni 66 iliyopita, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika ya Kusini. Baada ya mwaka 2003 wavuvi wa Tanga nao walianza kuwapata katika nyavu za jarife zinazotegwa kwenye maji ya kina kirefu, na mwaka 2009 serikali ikaweka hifadhi ya bahari ya Tanga kwa ajili ya samaki huyo. Basi kundi moja la wapiga sinema likaja Kigombe kuuliza habari zake, nami nilikuwamo. Aliyechaguliwa kusimulia ni nani? Ni yule yule mzee wa ngalawa.

Alisimulia vizuri. Kisha wakapumzika kidogo, fundi wa sauti akatoka kwenda kutafuta betri, lakini mashine haikuzimwa. Mimi nilikuwa na hedifoni masikioni na ufito juu ya kichwa cha mzee. Akamwinamia mkewe, akamnong'oneza neno la nyumba yao, neno la uchungu. Nalilisikia lote. Sitalisema hapa pia.

Mwongozaji alikuwa mbali, lakini aliona machozi ya yule mama. Akanijia upesi. "Umesikia nini? Niambie, nami nitakuongezea ujira." Hapo nilimwazia mama yangu, maana bati zake zilikuwa zimetoboka na masika yalikuwa karibu. Kusema kwamba sikusikia kitu kungekuwa uongo. Nikamjibu, "Nimesikia, Bwana, lakini neno si langu. Muulize mwenyewe." Akakasirika, akasema, "Kesho usije."

Jioni nikaenda kwa mzee. Nikamwambia, "Shikamoo, baba. Kile chombo husikia hata mnong'ono, nacho kimelishika neno lenu." Alinyamaza muda mrefu. Asubuhi akaenda mwenyewe kwa fundi wa sauti, akamwomba alifute, na fundi akalifuta mbele ya macho yake. Mimi nikakosa ujira wa siku sita, na masika yale mama alilala na sufuria kando ya kitanda, akikinga matone. Hakunilaumu hata mara moja. Mzee naye ametangulia mbele ya haki.

Baada ya miezi minne simu ikalia. Alikuwa yule fundi wa sauti. Akasema, "Nimepata kazi Unguja. Nataka mtu ninayeweza kumwachia masikio yangu." Tangu siku ile nimefanya kazi naye, naye ndiye aliyenipeleka kwa mafundi wengine.

Wazazi wapendwa, sitaki kuwadanganya. Kazi hii hulipwa kwa siku, na kuna miezi isiyo na kazi kabisa. Mimi nina shamba la muhogo na minazi michache, bila hivyo ningelala njaa. Kijana akiitaka, asingoje tangazo, maana ni nadra kutangazwa. Aanze kwa kubeba masanduku, afike mapema, atazame, anyamaze. Mabega yatauma mwezi wa kwanza, kisha yatazoea.

Mwaka 1958 Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili alimweka Mtakatifu Klara wa Asizi awe msimamizi wa televisheni, kwa kuwa usiku mmoja wa Noeli, akiwa mgonjwa kitandani, aliiona na kuisikia Ibada iliyofanyika mbali naye. Mimi humwomba kila asubuhi kabla ya kuvaa hedifoni. Namwomba mabega yenye nguvu, na masikio yanayojua lililo langu na lisilo langu.