Mkatale Chini ya Mwembe

Nilipokuwa mtoto hapa Boko, kabla majumba hayajaizingira barabara ya Bagamoyo, alikuwako mtu tuliyemwita Mwehu. Jina alilopewa na wazazi wake sikulijua mpaka siku ya maziko yake. Mguu wake mmoja ulitiwa katika mkatale, yaani gogo zito lililotobolewa tundu, chini ya mwembe, nyuma ya nyumba ya mjomba wake. Nasi tulipotoka chuoni tulimtupia maembe mabichi ili tumsikie akipiga kelele. Hakuna mtu mzima aliyetukataza. Wala mjomba wake hakuwa katili. Alimlisha kwa mkono wake mwenyewe, ila alichelea asije akapotelea baharini usiku.

Si kwamba hospitali hazikuwako. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wagonjwa wa akili walianza kutunzwa mwaka 1905, na Mirembe ya Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927. Lakini kwetu kumpeleka mtu Mirembe kulikuwa aibu ya ukoo mzima, hata jina hilo likawa tusi la watoto.

Nami nilipokuwa mwalimu sikuwa bora kuliko wale wazee. Mwaka 2003 mama mmoja aliniletea mwanawe, kijana aliyekuwa akimeza vidonge vya hospitali na ametulia kwa miezi. Aliniomba kombe. Nikamwandikia, na hilo silijutii. Ninalojutia ni neno nililoliongeza: kwamba aviache vidonge mpaka kombe limalizike, visije vikachanganyika. Haukupita mwezi akavunja mlango wa jirani, vijana wakamfunga kamba, na makovu yake yako mikononi hata leo. Mama yule hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, sisi tulikufuata wewe."

Neno hilo lilinirudisha vitabuni. Sultani Qalawun wa Misri alipojenga hospitali yake mjini Kairo, mwaka 1284, wenye maradhi ya akili waliwekewa mahali pao, na aliyepona akipewa fedha asilazimike kurudi kazini mara moja. Waislamu wale walitushinda kwa elimu, wala hawakuona kuwa dawa yashindana na Kurani. Mtume wetu, Rehema na Amani zimshukie, alituagiza tutafute tiba, tena akafundisha kwamba kalamu haimwandikii mwenda wazimu mpaka akili imrudie. Sisi tuliomwandikia kwa gogo na maembe mabichi, tulitumwa na nani?

Leo iko Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na Muhimbili wapo waganga wa maradhi haya. Mikatale sijaiona tena mtaani kwetu, ingawa milango iliyofungwa kwa nje naijua.

Kijana wangu sasa ana mvi. Kila mwezi twapanda daladala pamoja kwenda kuchukua dawa zake. Juzi, tuliporudi, aliniuliza:

"Mwalimu, na kombe je?"

"Nitakuandikia baada ya Alasiri. Meza kwanza."

Akaomba maji kwa mke wangu, akameza.