Tuliona Haya Kuandika

Baada ya mavuno ya mpunga ya mwaka jana, tuliondoka Malinyi alfajiri kwa basi dogo la msikiti, tukiwapeleka Morogoro watoto wa madrasa pamoja na mama zao. Basi hilo lilinunuliwa kwa michango ya waumini: huyu alitoa gunia la mpunga, yule akatoa kuku, na mjane mmoja akatoa fedha aliyoiweka kwa ajili ya bati. Kwa hiyo kila senti iliyotumika juu yake ilikuwa ni amana shingoni mwetu.

Tulipita Lupiro, tukavuka daraja la Mto Kilombero, na tulipokaribia Ifakara gari likaanza kuchemsha. Tulielekezwa kwenye gereji moja. Fundi alitupokea kwa salamu kamili, kofia kichwani, akatuita ndugu zake katika imani. Akafungua boneti, akatikisa kichwa, akasema gasketi ya silinda hedi imeungua. Alitaja shilingi 380,000. Tulikwenda kuswali Adhuhuri, tukawatafutia watoto chakula, na tuliporudi alisema kazi imekwisha. Tulimlipa taslimu. Hatukudai risiti, wala hatukuomba kuiona gasketi iliyotolewa. Tuliona haya, tulihisi kwamba kumwandikisha ndugu Muislamu ni kuitilia shaka dini yake.

Tulipokwisha kupita Kidatu, gari likachemsha tena. Hapo ndipo tulipofanya kosa kubwa kuliko lile la kwanza: tulimgeukia dereva. Tulimwambia mbele ya watoto kwamba analiendesha gari la msikiti kama mali isiyo na mwenyewe. Hakujibu. Alichukua dumu akaenda kutafuta maji.

Tulijikongoja hadi Mikumi. Kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi chini ya mti alituita tutazame wenyewe. Boliti za silinda hedi zilikuwa zimefunikwa na masizi na vumbi la miaka. Hakuna spana iliyozigusa siku ile. Ubovu ulikuwa ni mpira wa rejeta uliopasuka upande wa chini. Aliubadilisha kwa shilingi 25,000, akatukabidhi ule wa zamani bila kuombwa.

Wakati wa kurudi tulipita kwenye ile gereji ya Ifakara. Fundi alituuliza neno moja tu: "Karatasi iko wapi?" Hatukuwa nayo.

Aliyeshika kalamu ya kamati hii amesoma chuo cha dini, na huandika hata bei ya chaki za madrasa. Anajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na kwamba iliwasemesha walioamini. Basi kama kuandikiana kungekuwa ni dharau kwa imani ya mtu, waumini wasingeamrishwa. Maandishi humlinda mwenye gari, na humlinda fundi mwaminifu asichanganywe na mdanganyifu.

Ijumaa iliyofuata tulisoma hesabu mbele ya jamaa, pamoja na ile 380,000 iliyopotea, na wanakamati tukakubaliana kuirejesha kutoka mifukoni mwetu. Kisha tukamwomba radhi dereva hadharani, kwa kuwa tulimvunjia heshima hadharani. Alisema amesamehe, lakini mwanawe, aliyekuwa ndani ya basi siku ile, alikaa wiki tatu bila kuja madrasa. Hasara hiyo hatukujua tuiandike katika safu ipi.

Sasa ndani ya basi mna daftari. Fundi huandika ubovu, bei na kifaa alichobadilisha, kisha hutia saini, na kifaa cha zamani hurudi nasi. Enyi wazazi, tuwafundishe watoto wetu hivyo, hata kwa fundi cherehani na muuza duka. Ule mpira uliopasuka upo kabatini, kando ya kitabu cha mihutasari.

Wabillahi tawfiq.