Sahihi ya mwenyekiti

Nimepotea kidogo, majaribio yalibana kinoma. Leo nina la kusimulia, tena linanihusu mwenyewe.

Jamaa ninayekaa naye rumu mwaka jana alikosa mkopo, mwaka huu kaomba tena. Fomu kaijaza yote, imebaki sahihi na mhuri wa mwenyekiti wa mtaa wao, Songea. Siku zimebaki nne, nauli hana. Akaniwekea mezani fomu pamoja na barua ya zamani ya mwenyekiti huyo huyo.

"Mwanasheria, mkono wako mzuri. Iga hii tu, mhuri nitachongesha mjini."

Mkono wangu anaujua kwa sababu nilishamsimulia, tena nikicheka, nilivyomsainia baba ripoti ya shule nikiwa kidato cha pili. Basi nikachukua karatasi chakavu nikajaribu. Ya nne ikatoka kama yenyewe. Nisiwadanganye, nilijiona fundi.

Nikasita. Akasema, "Kwani uongo uko wapi? Mimi yatima kweli, mtaa ule naishi kweli, mwenyekiti ananijua tangu nazaliwa."

Swali zuri, na jibu nililisoma muhula uliopita. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 333: kughushi ni kutengeneza nyaraka ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Kifungu cha 335 kinataja nyaraka ya uongo ni ipi, na kusaini kwa jina la mtu bila idhini yake kumo. Yaani kila neno kwenye fomu linaweza kuwa kweli na fomu bado ikawa ya kughushi, maana inasema mwenyekiti kaiona wakati hajaiona. Adhabu ya jumla, kifungu cha 337, ni miaka 7. Na anayeiwasilisha huku akijua, kifungu cha 342 kinamhesabu sawa na aliyeghushi. Tungekwenda wote wawili.

Tena mambo haya hayaozi. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwakuta watumishi wa umma 9,932 na vyeti vya kughushi. Watu wana kazi, wana familia, karatasi ya zamani ikawafuata.

Nikachana zile karatasi. Jamaa akanuna: "Ya baba yako ulisaini, yangu ndiyo imekuwa sheria?"

Sikuwa na jibu. Tukachangishana rumu tatu, nauli ikapatikana, akapanda basi la alfajiri. Mwenyekiti alisaini dakika mbili tu, fomu ikawahi.

Lakini mpaka leo nikimsalimia ananijibu "poa" na kugeukia ukutani. Namwelewa. Likizo hii nikifika nyumbani, kuna ripoti ya kidato cha pili inabidi nimwonyeshe mzee.

Niombeeni.