Mwalimu Mshauri na Watoto wa Majengo

Sisi watu wa Majengo, hapa mjini Nyeri, twajua jambo ambalo labda ndugu zetu wa mashamba ya kahawa hawaliangalii sana, ya kuwa mtoto wa mji hulelewa na watu wengi, wala si wote wenye nia njema. Mtaa wetu ni mchanganyiko wa watu, na kila watu walikuja na desturi yao ya kumfunda kijana. Wenye asili ya pwani walikuwa na somo na kungwi. Wakikuyu walikuwa na mutiiri, yaani mdhamini wa kijana jandoni, ambaye alimweleza mambo ambayo baba huona haya kumwambia mwanawe. Watu hao sasa wamepungua sana, na kazi yao kwa sehemu kubwa yamwangukia mtu mmoja tu, mwalimu wa ushauri katika shule ya sekondari.

Mimi nilikuwa karani miaka mingi, na habari za walimu hao nilizisikia kama mtu asikiavyo habari za bei ya pamba, mpaka mwezi wa Septemba 2022. Mwezi huo binti wa dada yangu, aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa, alionekana ana mimba. Alikuwa na miaka kumi na sita. Dada yangu hupika chapati na githeri kwa kuuza. Hana mume, na hakuna alichokitumainia duniani kama masomo ya binti yule. Alifunga mlango siku mbili. Siku ya tatu wazee wa ukoo walikutana, na mmoja akasema yafaa aolewe upesi ili aibu ifunikwe.

Mwalimu alikuja jioni, kwa miguu, bado ana vumbi la chaki mikononi. Mimi nilidhani amekuja kuleta barua ya kumfukuza. Alipokwisha kuamkia wazee, akasema, "Mama, sikuja kuuliza nani kakosa. Nimekuja kuuliza, mtoto akizaliwa, nani atakayemshika tangu saa mbili asubuhi hata saa kumi?" Hapakuwa na mtu aliyekuwa amelifikiria swali hilo. Sote tulikuwa tukifikiri habari za majirani.

Kisha akatueleza, kwa adabu na pole pole, ya kuwa tangu mwaka 1994 serikali ya Kenya inaruhusu msichana aliyezaa kurudi shuleni, na ya kuwa mwongozo wa mwaka 2020 waeleza namna ya kumpokea. Akamwambia yule mzee wa ndoa kwamba sheria ya mwaka 2014 haimruhusu mtu wa chini ya miaka kumi na minane kuoa wala kuolewa. Mzee alikohoa, akaomba chai.

Jambo moja lilimwudhi dada yangu. Binti alikuwa amemtajia mwalimu jina la mwanamume, naye mwalimu hakukubali kulificha. Alilipeleka kwa afisa wa watoto na kwa polisi, kwa kuwa mtoto wa umri ule hulindwa na sheria ya makosa ya kingono ya mwaka 2006. Dada alisema, "Ushauri gani huu usio na siri?" Lakini binti mwenyewe alikuwa ameambiwa tangu mwanzo, kabla hajafungua kinywa, ni siri zipi zitakazokaa chumbani na zipi zisizoweza kukaa. Mimi naona hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii. Daktari ana dawa na hakimu ana kitabu, bali mwalimu huyu hana ila masikio yake na hukumu yake mwenyewe.

Alizaa Februari 2023, akarudi darasani muhula wa pili. Mama yangu, mwenye miaka zaidi ya sabini, ndiye aliyemshika mtoto hata saa kumi.

Nilipokwenda shuleni kumshukuru yule mwalimu nilistaajabu. Chumba chake kilikuwa bohari ya madaftari, kina viti viwili. Hakupunguziwa vipindi hata kimoja. Alifundisha Kiswahili na Dini kama wenziwe, na watoto wenye shida aliwaona saa ya chakula. Nchi yetu haikosi kujua haja ya kazi hii. Mwezi wa Mei 1999, katika mji wetu huu, viranja wanne wa Nyeri High School walichomwa moto na wanafunzi wenzao usiku. Mwaka 2001 vijana 67 walikufa katika moto wa Kyanguli, Machakos, na kamati ya Wangai iliyochunguza ghasia za shule ikashauri kazi ya ushauri itiwe nguvu. Mwaka huo huo kiboko kilipigwa marufuku. Fimbo ilitolewa mkononi mwa mwalimu, lakini mara nyingi hakupewa nafasi ya kuketi na mtoto. Wako wazazi wanaosema fimbo irudi. Binafsi sioni fimbo ingaliuliza nani atamshika mtoto.

Binti yetu alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2025. Mwalimu yule amehamishiwa mbali, na aliyeshika mahali pake ana vipindi vingi vile vile. Tena kazi imeongezeka, maana tangu Januari 2026 wameingia wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, ambao walitakiwa kuchagua mkondo mmoja katika mitatu: wa sayansi na ufundi, wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo. Juzi jirani yangu, fundi wa pikipiki, aliniuliza mwanawe aliye Gredi ya 9 achague upi, kwa kuwa kijana apenda kuchora na baba ataka awe mhandisi. Nilimwambia waende wote wawili kwa mwalimu mshauri, na wafike saa ya chakula, kwa kuwa saa nyingine yumo darasani.