MORNINGSIDE NA KANUMBA: STELINGI HAFI, BWANA!

Mpenzi msomaji, kama ulikulia kwenye vibanda vya video basi unaijua sheria namba moja: stelingi hafi. Apigwe risasi, agongwe na gari, atupwe mtoni, mwishoni atainuka, ajifute vumbi na kuwashughulikia wabaya wake mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana alfajiri ya Aprili 7, 2012, meseji zilipoanza kuzunguka kwamba Steven Kanumba amefariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, wengi tulijua ni uzushi wa mjini. Stelingi afe ana miaka 28? Wee, nenda kalale!

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Pasaka, na siku yenyewe ni Karume Day. Watu wako nyumbani, redio zimefunguliwa. Kulipokucha vizuri hapakuwa na ubishi tena.

Nakukumbusha haya kwa sababu Karume Day iliyopita nilikuwa Morogoro, mji kasoro bahari, kwa mwaliko wa binamu yangu. Zamani jamaa alikuwa na meza ya CD jirani na stendi ya Msamvu. Leo anauza makava ya simu. Alinipigia akaniambia: “Njoo na raba. Mwaka huu Kanumba tunamkumbukia mlimani.” Nikadhani anatania.

BASI LA PART ONE

Siku hizi Moro ni pua na mdomo. Tangu 2024 treni ya SGR inakutoa Dar na kukutua Moro chini ya saa mbili, umekaa kwenye kiyoyozi unachezea simu yako. Raha, sikatai. Lakini sisi wa enzi za mabasi tunajua kilichopotea.

Basini kulikuwa na televisheni pale mbele, na kondakta akishamaliza kukagua tiketi anatumbukiza CD. Ikiwa ya Kanumba, basi zima linatulia, hata mtoto anayelia anapewa ziwa haraka ili watu wasikie. Part One inakwisha mkiwa Chalinze, mahindi ya kuchoma yanapita madirishani. Part Two inaanza. Mnakata Mikese, milima ya Uluguru inaanza kujitokeza kushoto, na huku picha ndiyo inafika patamu. Mara Msamvu! Kondakta anazima, watu wanaguna, mabegi yanashuka.

Mimi Oprah, ile ya 2008 ya Kanumba, Ray na Irene Uwoya, niliiona basini mara tatu na mara zote tatu niliteremshwa kabla ya mwisho. Cheka tu, lakini ndivyo wengi tulivyomjua Kanumba. Tulimjua kwa vipande, shingo imepinda kati ya vichwa vya abiria wa mbele.

SAFARI YA KUPANDA

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa watano barabara ya Boma: mimi, binamu, dada mmoja msusi, mwalimu wa shule ya msingi na dereva wa bodaboda aliyesema leo pikipiki inalala. Wa sita ni kijana wa Kiluguru wa miaka kama kumi na mitano hivi, mtoto wa huko juu, ndiye aliyetuongoza.

Ukiipita Rock Garden, pale Mto Morogoro unaporukaruka kwenye mawe, lami unaiaga. Aprili ni masika, kwa hiyo njia ni utelezi mtupu. Tunapanda tunahema, huku akina mama wa Kiluguru wanateremka na mikungu ya ndizi na vikapu vya mboga kichwani kuwahi soko la Chifu Kingalu, wanapiga stori kama wako kibarazani. Wametusalimia, wametucheka kidogo, wamepita zao. Msusi wetu aliyevaa viatu vya mtoko aliteleza mara mbili kabla hatujafika mbali. Mara ya tatu akavivua akavishika mkononi.

Baada ya kama saa mbili na nusu tukatokea Morningside. Ni nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani, iko mbavuni mwa mlima, zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari. Juu yake kuna kilele cha Bondwa chenye minara ya mawasiliano, ila siku hiyo ukungu ulikuwa umekifunika chote. Chini unauona mji wa Moro umetandazwa kama mkeka: Jamhuri, Msamvu, Kihonda kule mbali. Hewa ni baridi ya kuuma masikio. Ukikaa dakika tano kimya unasikia maji yanateremka kila upande. Na maji ya milima hii, msomaji wangu wa Dar, ndiyo yanayoingia Mto Ruvu na kuja mpaka kwenye bomba lako.

KIJIWE JUU YA MLIMA

Sheria za kijiwe zilikuwa mbili. Kwanza, kila mtu ataje picha moja tu na aitetee. Pili, ni marufuku kuongelea alivyokufa. Hayo mahakama ilishayamaliza 2017, na magazeti yalishayala mpaka yakashiba. Sisi tumekuja kuongelea alivyoishi.

Msusi akafungua: Oprah. “Nyie wanaume mnaangalia ugomvi,” alisema, “mimi niliangalia vichwa. Picha ile ilipotoka wateja walikuwa wanakuja na kava la CD mkononi, dada nisuke kama Irene.” Hapohapo nikamdaka: anisimulie mwisho! Akanisimulia, huku amesimama, anaigiza sauti zote, ya Ray anaifanya nzito, ya Kanumba anaifanya ya upole. Mwisho wenyewe sikuambii. Mimi nimeusubiri miaka yote hiyo, na wewe uutafute.

Mwalimu akaja na Dar 2 Lagos ya 2006. Hoja yake ilikuwa ya kisomi kidogo. Alisema wakati ule vibanda vyote vilikuwa vya Wanigeria, sisi kazi yetu kutazama na kulia. Halafu anatokea kijana kazaliwa Shinyanga, katokea Kaole kwenye michezo ya ITV, anasimama na Wanigeria kwenye picha moja na hatetemeki. “Mwaka 2009 alipoingia mgeni kwenye jumba la Big Brother Africa, watu walimcheka Kiingereza chake,” mwalimu alisema, na sauti ikabadilika. “Mimi pia nilicheka. Halafu Jumatatu nikaingia darasani, watoto wangu hawataki kunyoosha mkono kwa kuogopa kuchekwa. Sikucheka tena.”

Bodaboda hakutaka maneno mengi: Devil Kingdom, 2011. “Ramsey Nouah huyuhuyu tuliyemlilia kwenye mikanda, leo yuko na Kanumba wetu. Unataka nini tena?” Mwalimu akamwambia hiyo ni Dar 2 Lagos na jina jipya. Hapo kelele zikaanza, na sijui zingeishia wapi kama yule kijana wetu hangeuliza swali lililotunyamazisha wote.

“Samahani, wakubwa. Huyo Kanumba ndiye yupi?”

Tukatazamana. Mtoto alikuwa bado mchanga mgongoni mwa mama yake mwaka 2012. Mwaka ule Leaders Club ilifurika, watu wakazimia, na makaburi ya Kinondoni hayakuwa na pa kukanyaga. Kwetu sisi ni juzi. Kwake yeye ni historia, tena ya watu wa mjini.

BIBI NA MJOMBA

Akatupeleka kwa bibi yake, chini kidogo ya pale, tukapate chai. Nyumba ya matofali, moshi unatoka jikoni, migomba imezunguka. “Shikamoo bibi.” “Marahaba wajukuu zangu, karibuni moto.” Tukaletewa chai ya rangi ya mchaichai na mihogo ya kuchemsha, na kwa baridi ile nakwambia hakuna hoteli ya mjini inayogusa.

Kijana akamweleza bibi kwamba wageni wamepanda mlima kwa ajili ya mtu wa sinema. Bibi akauliza yupi. Tulipomtaja akaweka kikombe chini.

“Yule mjomba wa watoto watundu?”

Msomaji, nilipigwa na butwaa. Bibi hajawahi kuona picha ya Kanumba hata moja. Enzi zile huku juu hapakuwa na televisheni wala deki. Ila alikuwa na mjukuu mkubwa, kaka wa huyu kijana. Kila Jumamosi akishateremsha ndizi sokoni anaingia kibanda umiza, analipa kiingilio, anatazama. Usiku anarudi, anakaa hapohapo kwenye moto, na kuisimulia picha nzima kuanzia jina la kwanza mpaka neno la mwisho. Majirani wanakuja. Uncle JJ, ile ya 2010 ya Kanumba na watoto wawili watundu, aliisimulia mpaka ikawa kama hadithi ya ukoo.

Na Waluguru, kama hujui, ukoo wanaufuata kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, hata ardhi inapita huko, na mjomba si mtu wa mchezo. Ndiye mwenye sauti. Kwa hiyo bibi alipoambiwa “Uncle”, hakuhangaika kuuliza ni upande wa baba au wa mama. Kwake uncle ni mjomba, basi. “Mjomba anachezewa na watoto namna ile na hawapigi,” alisema huku akitikisa kichwa. “Nilimpenda hapo. Siku redio iliposema amekufa nililia. Watu wakanishangaa, unamlilia mtu hujamwona? Nikawaambia, hata babu wa babu yangu sikumwona.”

Mwalimu, mtu wa vitabu, akakosa la kuongeza.

BINAMU AFUNGUKA

Tangu asubuhi binamu alikuwa hajataja picha yake. Msusi akamgeukia: “Na wewe mwenye shughuli?”

Jamaa akafungua begi, akatoa CD moja ndani ya mfuko wa nailoni. Love and Power, ile iliyotoka baada ya Kanumba kufariki. Imefungwa bado, karatasi yake ya dukani haijachanwa.

“Hii ndiyo picha yake pekee niliyonunua kwa pesa kamili,” alisema. “Nyingine zote nilizidurufu. Nilikuwa na kompyuta, nanunua CD tupu, natoa kopi mia, nauza kwa bei ya soda. Wiki ile ya msiba niliuza kuliko mwaka mzima. Watu wananunua huku wanalia, na mimi nadurufu huku nalia. Usiku nikahesabu pesa nikajiuliza, katika hizi, yeye au mama yake watapata ngapi? Hata shilingi.”

Kimya. Moto unalia tu pale jikoni.

Bodaboda akajaribu kumtetea: bila nyie wa kopi, sisi wa uswahilini tungemjulia wapi? Kweli. Mwalimu akajibu: lakini kwa kopi hizohizo wasanii walibaki na majina makubwa na mifuko mitupu. Nayo kweli. Wote wawili wako sawa, na hapo ndipo penye maumivu. Sisi wapenzi wa Kanumba tulimpenda kwa moyo wote na tukamlipa nusu, wengine hatukumlipa kabisa. Mimi basini nililipa nauli tu.

Binamu akampa yule kijana CD. “Shika, ni yako. Ufungue wewe.” Kijana akaigeuza, akaitazama mbele na nyuma, akauliza kwa adabu kabisa: “Kaka, hii inachomekwa wapi?”

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Tukacheka, halafu tukagundua hakuna hata mmoja wetu sita aliyebaki na deki nyumbani. Ya binamu iliuzwa zamani. Ya mwalimu imegeuka kabati la kuku.

Bibi ndiye aliyetuokoa. “Kwani mna haraka? Msimulieni.” Basi tukaanza. Tulianza na Uncle JJ, kwa kupokezana, msusi akiwa mtoto wa kike, bodaboda mtoto wa kiume, mwalimu, amini usiamini, akiwa Kanumba mwenyewe. Kijana alicheka mpaka akashika mbavu. Kila tulipokosea mpangilio, bibi ambaye hajaiona alituzuia: “Hapana, hapo bado. Hilo linakuja baadaye.” Mvua ikanyesha, ikakatika, sisi bado tuko part one.

UKITAKA KWENDA

Anza mapema, saa kumi na mbili uwe umeshatoka. Vaa raba zenye meno, achana na viatu vya mtoko. Beba sweta na koti la mvua, maji na chenji za kununua ndizi njiani. Usipande peke yako, tafuta mwenyeji, na ukitaka kuendelea zaidi ya Morningside kuelekea Bondwa unaingia msitu wa hifadhi, kwa hiyo chukua kibali kabla. Salimia kila unayekutana naye. Uluguruni salamu si kupoteza muda.

Tuliteremka saa kumi jioni, taa za Moro zinaanza kuwaka moja moja. Kijana alitusindikiza mpaka Rock Garden, CD ameiweka kifuani ndani ya shati isilowane. Kabla ya kuagana akamwuliza binamu kama mwakani tutarudi.

“Kwa nini?”

“Bibi anasema hamjamaliza.”

Haya, msomaji, na wewe picha yako ni ipi? Mtafute mdogo wako aliyezaliwa baada ya 2012, umkalishe chini, umsimulie leo. Na ikipatikana sehemu wanauza halali, nunua. Safari hii tulipe. Tukutane wiki ijayo!