Papanasam: Uongo wa Baba Mwerevu

Hapa Nachingwea filamu yoyote itokayo India huitwa "ya Kihindi". Papanasam, iliyotoka mwaka 2015, ni ya Kitamil, lugha ya kusini mwa nchi ile. Mwongozaji wake, Jeethu Joseph, aliitengeneza upya kutokana na filamu yake mwenyewe ya Kimalayalam, Drishyam, ya mwaka 2013.

Suyambulingam, anayeigizwa na Kamal Haasan, ni baba asiye na elimu kubwa, mwenye biashara ya televisheni ya kebo na mapenzi makubwa ya filamu. Kijana mmoja, mtoto wa mkuu wa polisi, anamrekodi kwa siri binti yake mkubwa akioga, kisha anakuja kumtishia. Katika purukushani binti anampiga, kijana anafariki. Mama na binti wanamzika uani. Baba anaporejea, anaifundisha familia nzima simulizi moja ya kuwaambia polisi.

Uzuri wa filamu umo katika ujenzi wa simulizi hiyo. Baba anaisafirisha familia, anatunza tiketi za basi, kisha anawarudia watu walewale na kuwakumbusha kwa upole kwamba walionana tarehe fulani. Basi shahidi anasema kwa moyo safi jambo lisilokuwa. Mimi ni katibu wa kamati, nimeandika maelezo ya pande mbili katika ugomvi wa mipaka ya mikorosho, na najua jinsi kumbukumbu ya mtu mwema inavyopindika bila yeye kuhisi. Sijaona filamu iliyolionyesha hilo vizuri zaidi.

Urefu wake, karibu saa tatu, unachosha, na konstebo Perumal ni mwovu mno hata haaminiki. Hayo ni madogo. Kasoro kubwa ni kwamba mtazamaji anavutwa aushangilie uongo. Niliitazama Ruangwa kwa dada yangu, nikiwafasiria maandishi ya Kiingereza. Polisi walipofukua shimo wakakuta mzoga wa ndama, shemeji alipiga makofi. Binti yake akauliza: "Mjomba, yule mdogo si aliona wakizika? Ataacha lini kudanganya?" Filamu haina jibu. Mwanamke anayeitetea heshima yake ana haki. Lakini wazazi wa marehemu nao wana haki ya kujua alikolala mtoto wao. Mwongozaji analijua hilo, ndiyo maana mwishoni anamkutanisha baba na wazazi wale, na kilio cha Kamal Haasan pale ndicho kilele cha uigizaji wake. Kinakuja kwa kuchelewa.

Tena, kwa kumfanya mkuu wa polisi kuwa mama wa mkosaji, hadithi imeipigilia misumari milango yote. Nilimkumbusha dada kwamba hapa kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka huohuo wa 2015, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Akanijibu: "Mlango upo, kaka. Lakini katika mji mdogo kama huu, mama gani ataingia akaeleze picha ya mwanawe?" Hofu hiyo filamu imeishika barabara, na kwa ajili yake pekee ningewashauri wazazi waitazame pamoja na mabinti waliokwisha kukabidhiwa simu. Watoto wadogo walale kwanza: konstebo anampiga yule binti mdogo kwa ukatili usiofaa macho yao.